Hajakupuuza, Ana Usonji



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Ijumaa, nilikutana na jirani yetu mmoja akitoka msikitini na kijana wake wa miaka 17. Nikamsalimia kijana, nikanyoosha mkono. Akatazama chini, mkono hakuupokea. Nikamgeukia babake nikamuuliza, mwenyewe akiwa hapo hapo: "Ami, huyu mbona haongei?" Mzee akanijibu kwa upole, "Muulize mwenyewe, mwanangu. Masikio anayo."

Wallahi niliona haya.

Kijana yule ana usonji. Wako wenye usonji wanaoongea mpaka wewe ndiye uchoke, na wako wasiotamka neno. Ubongo wao unapokea sauti, mwanga na mguso tofauti na wetu. Si jini wala si malezi mabaya ya mama. (Kila mara analaumiwa mama, sijui baba huponea wapi.)

Shida yetu sisi watu wa pwani, adabu tunaipima kwa mkono na macho. Asiyepokea mkono ana kiburi, asiyekutazama anaficha kitu. Lakini wengi wenye usonji husema kumtazama mtu machoni kunawaumiza, au kunawafanya wasishike anachosema. Kwa hivyo anapotazama chini, huenda ndipo anakusikiliza vizuri zaidi.

Ongea na yeye, si na mzazi wake. Uliza swali moja, kwa maneno ya wazi, kisha ngoja. Ngoja kweli, manake ukilirudia kwa maneno mengine, kwake hilo linaweza kuwa swali la pili na la kwanza hajalimaliza. Akijibu kwa kuandika kwenye simu, hilo ni jibu kamili. Na hii tabia yetu ya kusema "nakuja" huku unaondoka, au "dakika moja" kisha unapotea saa nzima! Sisi tumezoeana, yeye amezihesabu hizo dakika. Kipaza sauti kikimzidi akaziba masikio, usicheke na usimshike kwa nguvu. Muulize kama anataka kutoka nje.

Sasa fikiria kijana huyo huyo amekutwa na msako usiku. Anaulizwa jina, hajibu. Anaangaziwa tochi, anakimbia. Sisi tunajua kijana akikimbia polisi inachukuliwaje. Ukiwa hapo, sema kwa utulivu: ana usonji, hajakataa kujibu, tafadhali msimshike. Piga simu kwao mara moja. Lakini utasemaje hivyo kama hata jina lake hulijui, na maskani mnamwita zuzu? Kifungu cha 54 cha Katiba yetu kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tunakitaja kifungu cha 49 kila siku polisi wakitukamata, hiki cha 54 tunakiruka kwa sababu hapo wakosaji ni sisi.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta tena, amekaa kando kwenye kivuli. Nikatoa salamu, mkono nikauacha. Nikamuuliza anapenda nini, nikanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, karibu niondoke. Kisha, macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu, akaanza kunitajia feri za Likoni moja moja: Kwale, Jambo, Harambee, Kilindini.