Hesabu Itangulie Hukumu

Kila mwaka ifikapo Oktoba, kisiwa cha Islay, magharibi ya Uskoti, hupokea wageni wasiobisha hodi. Ni bata bukini wa mwitu, makumi ya maelfu, wanaoikimbia baridi kali ya Greenland. Usiku hulala kwenye ghuba za matope. Alfajiri huruka makundi kwa makundi na kutua katika majani ambayo mkulima ameyapanda kwa ajili ya ng'ombe na kondoo wake. Hula hapo hadi Aprili, kisha hurudi kwao. Mkulima huachiwa konde lililonyolewa, wakati huo huo kondoo wake wakizaa na kuhitaji malisho.

Ofisa aliyeketi ofisini, akiletewa malalamiko hayo, huona kitu kimoja tu: bata. Lakini aliyesimama kando ya konde na darubini mkononi huona aina mbili. Wa kwanza, ambao ndio wengi, wana uso mweupe, shingo na kifua cheusi, mgongo wa kijivu wenye milia, na sauti kama ya vijibwa vinavyobweka. Wa pili ni wa rangi ya udongo. Mdomo na miguu yao ni ya rangi ya chungwa, wana baka jeupe juu ya mdomo na milia myeusi tumboni. Makinda yao hayana baka wala milia katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo mwenye haraka hukosea.

Kosa hilo si dogo. Hao wa pili walizidi 35,000 duniani kote mwaka 1999. Leo hawafiki 25,000, kwa kuwa makinda wanaokua ni wachache. Tangu miaka ya 1980 ni marufuku kuwapiga risasi Uskoti. Basi katika konde moja yumo anayeweza kupunguzwa kwa kibali, na yumo ambaye kumuua ni hatia, na wote wanakula jani lile lile la mkulima yule yule.

Watu wa Islay wamefanyaje? Wamehesabu. Katika siku maalumu za majira ya baridi, wahesabuji hugawana kisiwa, kila mmoja na njia yake, wakaandika konde kwa konde: ni aina gani, na ni wangapi. Kwa daftari hilo, tangu miaka ya 1990, serikali imekuwa ikiwalipa wakulima fidia. Ugomvi haujaisha. Wakulima husema malipo hayatoshi. Watetezi wa ndege hulalamikia risasi. Lakini angalau wanagombana juu ya daftari moja, si juu ya uvumi.

Sisi wa Visiwani tusidhani hayo ni mambo ya mbali. Kandokando ya msitu wa Jozani, kima punju aliitwa mwizi wa nazi kwa miaka mingi. Utafiti uliotolewa mwaka 1999 haukuona kwamba vidaka anavyokula vilipunguza mavuno ya minazi. Hata hivyo, mkulima anayeliwa mazao yake mengine si mwongo, na haki yake katika mapato ya watalii wanaokuja kumtazama mnyama huyo si sadaka.

Kwa hiyo, tunawaomba viongozi wetu: mkulima akileta kilio, msimjibu kwa barua. Mpelekeeni mtu anayejua kumtofautisha punju na kima wa kawaida, akae shambani asubuhi na jioni, aandike alichokiona kwa macho yake. Nanyi ndugu wakulima, semeni hasara ilivyo, bila kuipunguza wala kuitia chumvi. Hukumu iliyotolewa bila kuhesabu humdhulumu mnyama asiye na kosa, na humdhulumu zaidi mkulima aliye na haki.