Kabla Hujapiga Windows Upya, Shusha Spidi Kwanza

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, si mnajua tena, majaribio yamerundikana na maandalizi ya TP nayo hayasubiri mtu. Leo nina la moyoni, na najua kuna wachizi wa hosteli hii litawagusa. Mtanisamehe, ila lazima nilitoe.

Hoja yangu ni hii: kompyuta iliyoongezwa spidi ikigoma kuwaka, mtuhumiwa wa kwanza ni ile spidi uliyoongeza. Virusi, Windows na madabodi wasubiri zamu yao. Rudisha kwanza mipangilio ya kiwandani, ndipo utafute mchawi mwingine. Na kama ndani ya hiyo kompyuta kuna kazi za wenzako, huna haki ya kuanza na kitu kingine chochote.

Chumbani kwetu tuko wanne na desktop ni moja, ya rumeti wangu. Ni mtumba, ina prosesa ya Core i5-2500K iliyotoka mwaka 2011. Kiwandani imepangiwa gigahezi 3.3, na yenyewe hujipandisha hadi 3.7 kazi ikizidi. Jamaa akaisukuma hadi 4.5 kwa ajili ya magemu. Ikaenda miezi kibao bila neno. Kisha Jumatatu moja ikaanza vituko: feni zinazunguka sekunde chache, inazima, inawaka tena, inazima. Skrini giza tupu. Maandalio yangu ya somo nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini mwenzetu wa mwaka wa tatu ripoti yake nzima ya utafiti ilikuwa humo na kwingine haipo.

Jamaa akaibeba hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi hakuuliza hata swali moja. Akaiwasha mara mbili, akatoa hukumu: madabodi imekufa, nunua nyingine, halafu tupige fomati tuweke Windows mpya. Hela aliyotaja ingemlisha jamaa zaidi ya mwezi, na hiyo fomati ingeondoka na ripoti ya mtu. Mwenye ripoti akawa hali, halali.

Jamani, hapo ndipo ninapogombana na watu. Kompyuta inayowaka na kuzima yenyewe, bila kuonyesha picha, bado haijafika hata kwenye hadi diski. Windows itahusika vipi wakati haijaguswa? Ni sawa na kumlaumu mwalimu wa Kidato cha Kwanza kwa mtoto ambaye bado yuko njiani anakuja shule.

Turudi kwenye spidi yenyewe. Ukiipandisha prosesa, mara nyingi inabidi uiongezee na volti ili isiyumbe. Sasa umeme inaokula unapanda kulingana na spidi, na kulingana na volti mara volti. Tuseme volti zimetoka 1.20 kwenda 1.35, na spidi imetoka 3.3 kwenda 4.5. Piga hesabu: 1.36 mara 1.27, jibu ni kama 1.73. Yaani umeongeza spidi kwa asilimia 36, na joto kwa karibu asilimia 73! Hilo joto lote linabebwa na feni ileile, gundi ileile ya kupoozea inayokauka mwaka hadi mwaka, na pawa saplai ileile inayozeeka. Weka na vumbi la hosteli, weka na joto la Dar mwezi wa kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona jana ilikuwa inawaka", namwambia jana si ushahidi. Spidi iliyokubali mwaka jana inaweza kukataa leo bila wewe kugusa kitu.

Basi desktop ikarudi chumbani, tukaifungua wenyewe. Tulichofanya ni kazi ya dakika kumi. Kwanza, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kabla hujagusa ndani. Pili, itoe ile betri ya duara kwenye madabodi, CR2032, uiache nje dakika chache kisha uirudishe, au tumia jampa ya kufuta mipangilio kama unaiona. Tatu, washa. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata kidogo, ndani inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ikawaka. Madabodi "iliyokufa" ikatuonyesha picha.

Lakini hapo kuna mtego wa pili, na huu ndio unaowamaliza wengi. Windows ikaanza kupanda, ikaangusha skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Jamaa akashika kichwa: "Si nilisema, fundi alikuwa sahihi!" Wapi. Ukifuta mipangilio unafuta yote, pamoja na namna madabodi inavyoongea na hadi diski. Baadhi ya madabodi za miaka ile zikirudi kiwandani zinachagua IDE, wakati Windows iliwekwa zikiwa kwenye AHCI. Haiioni diski yake, inagoma. Ingia kwenye bayosi, sehemu ya SATA, rudisha AHCI. Tukarudisha, Windows ikapanda, ripoti ikakutwa salama. Kopi ya kwanza ilipigwa dakika hiyohiyo. Ndiyo maana nasema, kompyuta ikiwa nzima, piga picha kwa simu kila ukurasa wa bayosi. Siku ya tatizo hizo picha ni dhahabu.

Wenye mashine mpya msicheke. Ukinunua RAM iliyoandikwa 3200 ukawasha XMP ili ifike huko, Intel yenyewe inahesabu hiyo ni kuongeza spidi. Ikigoma kuwaka baada ya hapo, zima XMP kabla hujaenda kudai RAM ni feki. Na mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa za desktop za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti za juu mno na kuyumba. Ikatoa marekebisho ya bayosi Agosti mwaka huo na kuongeza waranti kwa miaka 2. Kama kiwanda kinaweza kukosea volti, sembuse wewe na mimi saa nane za usiku?

Sisemi watu waache. Asiye na hela ana sababu nzuri ya kubana kila kitu kwenye alichonacho. Mwaka 1998 Celeron 300A ya megahezi 300 iliwafikisha watu megahezi 450 kwa bei ya chee, na wengi walijifunza kompyuta kwa njia hiyo. Ninachosema ni utaratibu. Ikishawaka kwa spidi ya kiwandani, panda ngazi mojamoja: 3.8, ipime, 4.0, ipime. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Iache Memtest86+ ikimbie usiku kucha kabla hujasema RAM iko poa. Tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi akipotea kwenye hesabu unamrudisha mahali alipokuwa anaelewa, kisha unasonga naye hatua kwa hatua. Kwa kompyuta ni hivyohivyo.

Na kwa wenye desktop za chumba: gemu ni lako, mashine ni yako, lakini ripoti ya mwenzako si yako. Wiki za kukabidhi kazi shusha spidi. Word haijui tofauti ya 3.3 na 4.5, na ukurasa wa shukrani utachapwa kwa mwendo uleule wa vidole vyako. Rumeti wangu amekubali kukaa kwenye 3.3 mpaka TP iishe, japo kwa kununa.

Kwa mwenye hoja tofauti, mlango wa chumba uko wazi, njoo na flashi yako tubishane. Tuko pamoja.