Kabla somo la simu halijaingia nyumbani, mzazi jiulize haya

Wiki mbili zilizopita nilishuka Milepa. Anayeijua njia ile anajua kwa nini nasema kushuka: unaliacha baridi la Sumbawanga mjini, unateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na ukifika bondeni sweta umeshalivua. Safari hii sikwenda kutibu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja alikuwa ameniita kwenye kikao cha wazazi, na ajenda ilikuwa moja tu: watoto watasomaje wakiwa nyumbani iwapo shule itafungwa tena?

Swali hilo si la kubuni. Bonde la Ziwa Rukwa si geni kwa kipindupindu, na mvua zikizidi kuna vijiji ambavyo mtoto hawezi kuvuka mto kwenda darasani. Mwalimu hataki akutwe bila maandalizi kama wengi wetu tulivyokutwa mwaka 2020. Anataka kila mzazi aandikishe namba ya simu, darasa liwe na kundi lake la WhatsApp, na walimu wawe wanatuma masomo humo.

Nampongeza kwa dhati, kwa kuwa ni wachache wanaojiandaa kabla ya janga. Lakini alipomaliza kueleza, bibi mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nina wajukuu wanne na kitochi kimoja. Hilo somo litaingilia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali la bibi lilinikumbusha kosa langu mwenyewe.

Nilichowashauri wazazi mwaka 2020

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Corona kutangazwa nchini, Serikali ilifunga shule. Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29. Katika kipindi hicho Taasisi ya Elimu Tanzania na TBC walirusha vipindi vya masomo kwa redio na televisheni, na baadhi ya shule, hasa za mijini, zikaanza kutuma kazi kwa simu.

Kliniki nilikuwa nawaambia wazazi, "Msiache watoto wakae bure. Tafuteni hata simu ya kuazima." Niliona nimetoa ushauri mzuri.

Agosti mwaka huo mama mmoja aliniletea binti yake wa darasa la sita. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Mama alidhani ni malaria: mtoto anatapika asubuhi, hana nguvu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha pili kilionyesha ujauzito.

Tulizungumza taratibu, mimi na mtoto, mama akiwa nje. Nyumbani kwao hapakuwa na simu janja. Kijana mmoja jirani alikuwa nayo na akawa anamwazima "asome." Wazazi walikuwa shambani kuanzia alfajiri. Siku za mwanzo simu ilikuwa bure. Baadaye ikawa na bei, na bei hiyo alilipa mtoto.

Suala lilipelekwa kunakostahili, na sitalieleza zaidi. Ninachotaka kusema ni kwamba ushauri wangu wa "tafuteni hata simu ya kuazima" haukuwa na swali la pili: inaazimwa kwa nani, na nani yupo pale mtoto anapoitumia? Kama daktari nilipaswa kuliuliza. Binti yule alirudi shule baada ya Serikali kutangaza, Novemba 24, 2021, kwamba wanafunzi waliopata ujauzito wanaruhusiwa kuendelea na masomo katika mfumo rasmi. Wenzake walikuwa wameshamwacha mbali.

Hali hii haikuwa yetu peke yetu. Sierra Leone ilifunga shule kwa miezi kadhaa wakati wa Ebola, na mimba za utotoni zikawa moja ya majeraha yaliyobaki hata baada ya ugonjwa kuondoka. Jirani zetu Uganda walifungua shule kikamilifu Januari 10, 2022, baada ya karibu miaka miwili, na huko pia wapo wasichana ambao hawakurudi.

Kitochi cha bibi kinatosha

Sasa nirudi kwa swali la bibi. Jibu langu ni kwamba kitochi chake kinatosha, ikiwa shule itakubali kuanza na alichonacho bibi badala ya kuanza na alichonacho mwalimu.

Agosti 2020 UNICEF ilieleza kuwa angalau theluthi moja ya wanafunzi duniani, watoto milioni 463, hawakuwa na njia yoyote ya kufikiwa na masomo ya mbali shule zilipofungwa. Mpango unaotegemea simu janja na bando utawaacha nje watoto walewale ambao tayari wako nyuma.

Lakini upo mfano wa Botswana. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti walizifikia familia zaidi ya 4,000 kwa simu za kawaida. Kundi moja la wazazi lilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi lingine lilitumiwa ujumbe huohuo na kupigiwa simu kwa dakika kama 20 kwa wiki, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto pamoja. Watoto waliopigiwa simu waliongeza uelewa wa hesabu. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana.

Mzazi, zingatia kilichofanya kazi hapo. Hakuna aliyenunua simu mpya. Mtu mzima alikaa karibu na mtoto, sauti ya mwalimu ikasikika, na dakika zilikuwa chache. Kwa macho ya daktari huo ndio mpango wenye afya: mtoto hakodolei kioo kwa saa nyingi, wala haachwi peke yake na kifaa kilichounganishwa na dunia nzima.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa shule za bondeni na za uwandani ni kuanza na karatasi na daftari, kisha redio, kisha simu ya kupiga. Simu janja iwe nyongeza kwa anayeweza. Siku mtoto anapokuja kuchukua karatasi za wiki, mwalimu amwone kwa macho. Mwalimu anayemfahamu mtoto atagundua aliyekonda, mwenye alama za kipigo na aliyebadilika tabia, mambo ambayo hayaonekani kwenye kundi la WhatsApp.

Shule ikifungwa, mengine hufungwa nayo

Tunasahau kwamba kwa mtoto wa kijijini shule ni sehemu ya huduma za afya. Pale ndipo anapomezeshwa dawa za minyoo na kichocho. Pale ndipo wasichana wanapofikiwa na chanjo ya HPV, inayowakinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Pale ndipo mwalimu anapogundua kwamba mtoto haoni ubaoni. Na penye utaratibu wa uji au chakula cha mchana, huenda ndicho chakula chake cha uhakika kwa siku.

Mkoa wetu unalima sana, lakini Utafiti wa Afya na Demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu. Wale ni wadogo zao hawa wanafunzi, na wanakula chungu kimoja. Nyumba isiyopata mlo kamili siku za shule haitaupata kwa muujiza shule ikifungwa.

Kwa hiyo mpango wa masomo ya nyumbani usipitishwe bila zahanati kuwepo mezani. Kama ni kipindupindu kilichofunga shule, siku ya kuchukua karatasi ipangwe kwa zamu bila msongamano, na maji ya kunawa na sabuni viwepo. Kama ni mvua, mhudumu wa afya wa kijiji ajue watoto gani wamekatwa na mto. Chanjo na dawa zilizopangwa kutolewa shuleni zipewe tarehe na mahali pengine, zisifutwe.

Ya kufanya nyumbani

Wazazi wa Milepa waliniuliza maswali mengi. Haya ndiyo niliyowajibu.

Muda wa kusoma uwe mchana. Tukisubiri hadi watu warudi shamba, mtoto atasoma gizani, nje, kwenye mbu. Bondeni kuna joto na malaria ipo. Kama ni lazima asome jioni, asomee ndani na avae nguo ndefu. Kibatari au mshumaa usiingizwe kamwe ndani ya chandarua. Nimeshaona majeraha ya moto yaliyoanza hivyo, hayapendezi kusimulia.

Usingizi usiibwe na simu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Simu ilale kwa mzazi, isilale kitandani kwa mtoto, wala isiachwe ikichaji juu ya godoro.

Macho yapumzike. Kila baada ya dakika 20 za kutazama simu, mtoto aangalie mbali, kama mti ulioko mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Kioo akiweke umbali wa mkono. Kila siku apate muda wa kucheza nje kwenye mwanga wa jua. Watoto wanaokaa nje saa mbili hivi kwa siku wana hatari ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Anayelalamika kichwa kila anaposoma apelekwe kupimwa macho, asidhaniwe mvivu.

Simu itumike mtu mzima akiwepo. Anaweza kuwa mama, babu au dada mkubwa anayeaminika. Hata asiyejua kusoma anaweza kukaa karibu na kuuliza, "Leo mmefundishwa nini? Nieleze." Mtoto asiende kusoma kwa simu nyumbani kwa mtu. Anayetaka kusaidia aje kwenu, akae sebuleni au chini ya mwembe, mbele ya watu.

Kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki. Shule zinapofungwa msichana hugeuka mama mdogo: anachota maji, anapika, analea. Mvulana hupewa ng'ombe akachunge hadi jioni. Kazi si mbaya, lakini mtoto apewe saa mbili zake ambazo hakuna atakayemwita. Baba, wewe ndiye wa kuilinda saa hiyo, kwani ukisema nyumba nzima inasikia.

Ukiona mtoto amekuwa mkimya ghafla, anaogopa mtu fulani, ana zawadi usizojua zimetoka wapi au anaificha simu, usianze na fimbo. Kaa naye, msikilize. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono aletwe kituo cha afya haraka, ndani ya saa 72, maana zipo dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU ambazo baada ya muda huo hazisaidii. Asiogeshwe na nguo zisifuliwe kabla hajaonwa.

Kwa wanaosema tunarudisha watoto nyuma

Najua wapo watakaosema daktari anaogopa teknolojia, na kwamba watoto wa Dar es Salaam wanasoma kwa vishikwambi wakati sisi tunahubiri karatasi na redio. Siogopi simu. Mimi mwenyewe natumia simu kila siku kuwauliza wenzangu walioko hospitali kubwa juu ya wagonjwa walionishinda. Siku shule za Milepa zitakapokuwa na umeme wa uhakika, mtandao na vifaa vya kutosha darasani, chini ya uangalizi wa mwalimu, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Huo ni wajibu wa Serikali na halmashauri, na tuendelee kuudai.

Lakini kumtwisha mzazi wa bondeni mzigo wa kununua kifaa, kulipia bando na kulinda mtandao ambao hajawahi kuutumia, kisha tukasema tumejiandaa, hapana. Mzazi aandaliwe kwanza. Apewe nafasi ya kusema anacho nini na hana nini, mtoto wake anakula nini na anabaki na nani mchana.

Kikao cha Milepa kilimalizika kwa makubaliano. Daftari la namba za simu lina safu mbili zaidi sasa: aina ya simu, na jina la mtu mzima atakayekaa na mtoto. Wasio na simu kabisa wamepangwa kwa majirani, na jirani huyo amechaguliwa na mzazi mwenyewe mbele ya kikao. Bibi wa kitochi kimoja ameandikiwa kupigiwa Jumatano mchana, wajukuu wote wanne wakiwa wamemzunguka.

Alipokuwa anaondoka alinishika mkono akasema, "Daktari, hesabu za siku hizi sizijui. Ila kukaa nao naweza."

Nikamwambia, "Bibi, hicho ndicho tunachokuomba."

Wiki hii, mzazi unayesoma gazeti hili, usisubiri shule ifungwe. Muulize mwalimu wa mwanao kama shule ina mpango, na kama katika mpango huo kuna mahali palipoandikwa nani atakuwa na mtoto wako.