Wahenga Hawakuwa Mashahidi

Methali si ushahidi. Naanza hapo kwa sababu najua walimu wa Kiswahili watanikasirikia, na afadhali wanikasirikie mapema.

Jumamosi huwa nasoma insha za kijana wa jirani, yuko Gredi ya 8. Juzi swali lilikuwa: simu zipigwe marufuku shuleni, jadili. Akaanza na wahenga na wahenguzi waliolonga wala hawakukosea. Zikafuata hoja tatu za kupinga simu, tatu za kuzitetea, zimepangwa kama viatu mlangoni. Mwisho akakunja jamvi kwa kusema kila kitu kina uzuri na ubaya wake. Maze, kila kitu? Sasa msimamo wako ni upi?

Na si eti hajui kubishana. Wiki hiyo hiyo nilimsikia kwa matatu, makanga akidai shilingi 80.

“Asubuhi ilikuwa hamsini.”

“Kuna jam.”

“Jam iko upande wa kuingia tao. Sisi tunatoka.”

“Mafuta yamepanda.”

“Tangu asubuhi?”

Gari zima likacheka, akalipa hamsini. Hapo kulikuwa na dai, kulikuwa na ushahidi, na kila pingamizi la makanga lilisikilizwa likajibiwa. Mpe kalamu sasa, anageuka mzee wa miaka tisini.

Simlaumu mwalimu peke yake. Darasa limejaa, na mapambo ni rahisi kuhesabu: methali, tiki, tashbihi, tiki. Kuangalia kama sababu kweli inalibeba dai kunataka usome polepole, na nani ana huo muda?

Mtaniambia methali ni urithi wetu. Sawa, hata mimi nazipenda. Lakini haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo, zote ni za wahenga wale wale. Shahidi anayekubaliana na mshtaki na mshtakiwa, hakimu atamfanyia nini?

Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16, vijana waliusoma mtandaoni kifungu kwa kifungu. Walitaja kifungu, wakapiga hesabu ya mkate, wakamtaka mbunge wao ajibu hiyo hesabu. Pendekezo la mkate liliondolewa hata kabla mswada wenyewe kutupwa. Gharama ya ubishi huo tunaijua, kuna waliotoka nyumbani mwezi huo wa Juni na hawakurudi. Ndiyo maana sioni hii kama hadithi ya alama tu. Mtoto anayefunzwa miaka mitatu ya sekondari msingi kwamba kila jambo lina faida na hasara, basi yaishe, anafunzwa kunyamaza kwa Kiswahili sanifu.

Insha ya simu tuliianza upya. Nilimwambia achague upande, aandike sentensi moja ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa. Akachagua marufuku. Basi mimi nikawa mama wa mtoto wa bweni: akiugua usiku, atanipigiaje? Alinyamaza kitambo kirefu, akatafuna kalamu. Kisha akaandika kwamba simu ya matroni iwe wazi usiku kucha, na namba yake apewe kila mzazi siku ya kufungua shule.

Aya nzima haikuwa na tashbihi hata moja. Akaisoma mara mbili, akaniuliza itampotezea alama ngapi.