Kanjo ni ya nani? Nairobi na kalamu ya Ikulu

Baraza la Jiji la Nairobi lilikufa Machi 2013. Lilizikwa kisheria pamoja na mabaraza mengine 174 kote nchini, na mahali pake tukapewa serikali za kaunti. Lakini nenda Muthurwa jioni ya leo, usimame kando ya barabara. Gari lile likikata kona tu, nyanya zitafungwa kwenye gunia kwa sekunde kumi na utasikia sauti moja: “Kanjo!” Anayepiga kelele huenda ana miaka 19 na hajawahi kumwona diwani wa baraza wala meya mwenye mkufu shingoni. Neno lenyewe ni lile la Kiingereza la kuitia baraza, likapigwa msasa na mtaa. Baraza limekwenda, jina limebaki, na mbio ni zile zile.

Wengi wetu tunaijua kanjo kwa miguu, kwa kuitoroka. Tunaijua kwa tikiti ya kuegesha gari, kwa leseni ya kinyozi, kwa bodaboda iliyobebwa. Tukiulizwa nani ameishika, tunataja jina la gavana aliyeko na kumalizia hapo. Sasa tumebakisha uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, na kuna jambo moja katika historia ya City Hall ambalo ningependa uende nalo kwenye foleni ile. Tangu uhuru, jiji hili limechukuliwa kutoka kwa waliochaguliwa na wakazi mara mbili, na mara zote mbili aliyelichukua ni serikali kuu. Mara zote tuliambiwa ni kwa muda tu, na kwamba jiji limechafuka.

Turudi nyuma kidogo. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899. Mwaka uliofuata ikapata kamati ya manispaa, na 1919 ikawa na baraza la manispaa. Wenye sauti ndani yake walikuwa Wazungu. Wahindi, ambao maduka yao yalilipa sehemu kubwa ya kodi, waligombania viti vichache kwa miaka mingi. Waafrika walikuwa wapishi, wafagiaji na vibarua wa reli, na hawakuwa na kura. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, alipendekeza makabila yatengwe kimakazi, ati kwa ajili ya afya. Ukipanda matatu leo kutoka Eastlands hadi Muthaiga, unapita ndani ya pendekezo hilo.

Halafu kuna hii, ambayo shuleni sikumbuki tukiambiwa. Manispaa ilipofungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, ilijipa pia haki ya kipekee ya kutengeneza na kuwauzia pombe. Ukitaka kunywa kihalali, unywe kwenye kilabu cha manispaa. Faida iliwekwa kwenye mfuko wa kuwahudumia Waafrika hao hao. Yaani choo chako na bomba lako la maji vilitegemea umekunywa kiasi gani, wakati kodi ya jumla ikipeleka barabara na taa upande ule mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia mtaa wako hauna mfereji kwa sababu wakazi hawajui ustaarabu, mwulize kama amewahi kusoma vitabu vya hesabu vya jiji hili.

Kama unaishi Mbotela, au Ofafa Jericho, au Ofafa Maringo, unaishi ndani ya jina la diwani. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa walikuwa miongoni mwa Waafrika wachache waliokaa kwenye baraza la jiji kabla ya uhuru. Hawakuingia kwa kura ya mtaa. Nafasi zilikuwa za kuteuliwa. Wote wawili waliuawa wakati wa Hali ya Hatari. Kuwa diwani Mwafrika wakati ule kulimaanisha kushukiwa na pande zote mbili, na mitaa iliyojengwa baadaye ikabeba majina yao. Sijui ni wangapi wanaosema “nashukia Mbotela” kila siku wakiwa na habari kwamba huyo ni mtu.

Nairobi ikawa jiji mwaka 1950 kwa hati ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika, na kuanzia 1970 Margaret Kenyatta, bintiye Rais, akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Baraza la wakati ule lilikuwa na nguvu ambazo kaunti ya leo ingezimezea mate: liliendesha shule zake za msingi, zahanati, nyumba za kupanga, maji. Hata hivyo halikuwa huru hivyo. Sheria ya serikali za mitaa ilimpa waziri mamlaka ya kuteua baadhi ya madiwani, kuidhinisha bajeti na, akiona baraza limeshindwa, kulivunja.

Na mwaka 1983 lilivunjwa. Meya alikuwa Nathan Kahara, Rais alikuwa Moi, chama kilikuwa kimoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa usimamizi mbovu na hesabu zilizovurugika, na wala si sababu ya kubuniwa. Taka zilikuwepo na deni lilikuwepo. Mahali pa madiwani ikawekwa tume ya watu walioteuliwa na serikali. Ya muda, tuliambiwa. Muda huo uliongezwa, ukaongezwa tena, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 18 tume ilipoingia alifikisha 27 kabla ya kumpigia mtu yeyote kura ya kusimamia takataka za mtaani kwake.

Jiji lilisafika? Waulize wazazi wako, kama waliishi hapa. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ya wengi ni Muoroto. Mei 1990, askari wa tume na polisi walivamia mtaa huo wa mabanda karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, wakabomoa nyumba na vibanda, na wakazi wakapigana nao. Mwezi huo huo Rubia, yule meya wa kwanza, alisimama na Kenneth Matiba kudai vyama vingi. Julai wote wawili wakatiwa kizuizini. Watu wa Muoroto walimlalamikia nani? Diwani hakuwepo. Mwenyekiti wa tume hakuhitaji kura yao, na aliyemteua hakuwa anaishi Muoroto. Hapo ndipo ninapotaka uangalie. Baraza bovu lina mlango wa kubisha, hata kama anayefungua ni mwizi. Tume haikuwa na mlango.

Miaka ya 1992 hadi 2013 nitaipita mbio. Ford-Asili ililinyakua baraza kutoka kwa Kanu, baadaye upepo wa Narc ukapita, kisha ODM. Meya alichaguliwa na madiwani wenyewe, wewe hukuulizwa, na kila uchaguzi wa meya ulikuja na hadithi za madiwani waliofichwa hotelini mpaka siku ya kura. Ilikuwa aibu. Kashfa ya ardhi ya makaburi, ambapo Sh283 milioni zililipwa kwa shamba lisilofaa kuzika, iliishia kwa maafisa wakuu kufungwa jela mwaka 2018. Simtetei mtu yeyote wa enzi hiyo. Nasema tu kwamba kura ilirudi, na mtu aliweza kufukuzwa kwayo.

Katiba ya 2010 ndiyo ilipaswa kufunga hesabu. Gavana achaguliwe moja kwa moja, bunge la kaunti liwe na wadi 85, waziri wa serikali za mitaa atoweke kabisa. Mwaka 2013 jiji likaenda kwa Evans Kidero wa ODM, 2017 likaenda kwa Mike Sonko wa Jubilee. Naibu wake, Polycarp Igathe, alijiuzulu kabla mwaka haujaisha, na Sonko akakaa bila naibu kwa muda mrefu. Desemba 2019 alikamatwa, na mahakama ikamzuia kuingia ofisini kwa sababu ya kesi ya ufisadi. Sasa jiji lilikuwa na gavana asiyeweza kukanyaga City Hall na hakuna naibu wa kushika usukani.

Tarehe 25 Februari 2020, akiwa Ikulu, Sonko alitia saini kupeana majukumu manne kwa serikali kuu: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Soma tena orodha hiyo. Ukiondoa hayo, kaunti inabaki na nini cha maana? Machi ikaanza kazi Idara ya Huduma za Nairobi, NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Ilikuwa siku chache tu baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuhoji kitu. Juni mwaka huo mahakama ya masuala ya ajira ikasema idara hiyo haikuundwa kwa kufuata katiba, ikatoa siku 90 mambo yarekebishwe. Kazi iliendelea.

Desemba 2020 madiwani wakambandua Sonko na seneti ikaidhinisha. Novemba 2021 Anne Kananu akaapishwa kuwa gavana, naye hakuwa kwenye karatasi ya kura ya 2017. Kwa hiyo kwa karibu miezi tisa kabla ya uchaguzi wa 2022, watu zaidi ya milioni nne walikuwa chini ya jenerali aliyeteuliwa na gavana ambaye hawakumpigia kura. Hakuna aliyevunja baraza safari hii. Ilitosha kalamu.

Najua utakachoniambia, kwa sababu nimeambiwa na mabeshte zangu mara nyingi: lakini NMS ilifanya kazi, manze. Ni kweli ilichimba visima mitaani, ikaweka lami vichochoro ambavyo havikuwahi kuona lami, ikajenga hospitali kwenye mitaa ya mabanda. Aliyechota maji ya kisima kile hana sababu ya kukikana. Swali langu ni lingine. Pesa zilikuwa zetu, wahandisi wengi walikuwa wale wale wa kaunti, na Ikulu ingeweza kuisaidia kaunti bila kuimeza. Na muda wa NMS ulipoisha Septemba 2022, hakuna aliyekuja mtaani kwako kuuliza ilipiga kazi ama haikupiga. Ulipewa kama zawadi, na zawadi hairudishwi dukani ikiwa na kasoro.

Kifungu kilichotumika hakijaenda popote. Ni cha 187 cha katiba, kinachoruhusu serikali moja kuhamishia nyingine majukumu kwa makubaliano. Kinasema pia kwamba wajibu wa kikatiba unabaki kwa ile iliyopewa kazi hiyo kwanza. Kwa lugha ya mtaa: mwingine anashika jembe, lawama inabaki kwa kaunti. Ni rahisi kuona kwa nini mpango kama huo unaweza kumvutia rais yeyote, wa chama chochote, na pia gavana yeyote aliyebanwa.

Na magavana wetu hubanwa. Mwaka 2022 Johnson Sakaja wa UDA alishinda kwa kura karibu 700,000, katika jiji lenye wapigakura waliojiandikisha zaidi ya milioni 2.4. Chini ya thuluthi moja. Wadi nyingi zilienda kwa Azimio, hivyo gavana akaingia City Hall akikuta bunge lililo mikononi mwa wapinzani wake. Kiongozi wa namna hiyo ana njia mbili za kupata nguvu: kurudi kwa wakazi, au kupiga simu Ikulu. Kadiri tunavyokaa nyumbani siku ya kura, simu inakuwa rahisi zaidi.

Basi usiniambie habari za gavana peke yake. Mjue diwani wako. Kiti chake hupatikana kwa kura chache kuliko wafuasi wa watu wengi TikTok, na ndiye anayepitisha bajeti, ndiye anayeweza kumwita waziri wa kaunti ajibu, na ndiye aliyekuwa na kura ya kumng'oa Sonko. Kila mwaka makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Kwenye vikao hivyo utakuta wazee, wenye tenda wawili watatu, na viti vitupu. Viti hivyo ni vyako.

Na mgombea wa ugavana akija mtaani kwenu 2027 na spika na fulana, mwache aongee, mcheze nyimbo, kisha mtu mmoja aombe maikrofoni. Amuulize: ile karatasi ya Februari 2020 ikiletwa tena mezani kwako, utakuja hapa kwanza, ama tutaisoma kwenye magazeti kesho yake?