Mdondo Hufunguliwa Mlango na Kuku Mwenyewe

Katika vijiji vya Bariadi kuku ni akiba ya nyumba. Huuzwa mtoto anapohitaji daftari. Mdondo ukiingia, akiba hiyo yaweza kutoweka kwa siku chache. Hapo wengi hukimbilia tetrasaiklini, ilhali dawa hiyo huzuia bakteria, wala haina nguvu juu ya virusi.

Tuchunguze jinsi virusi hivi vinavyoingia. Utando wao una protini mbili. Ya kwanza hunasa asidi ya siali iliyo juu ya seli za njia ya hewa. Ya pili huunganisha utando wa virusi na ule wa seli. Lakini haiwezi kufanya kazi hiyo mpaka ikatwe na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Protini ya virusi hafifu hukatwa hasa katika njia ya hewa na utumbo. Ile ya virusi vikali hukatwa na furini, iliyomo karibu katika kila seli. Ndiyo maana ugonjwa huenea mwili mzima.

Basi kinga sharti itangulie. Chanjo ya I-2, itengenezwayo nchini na yenye kustahimili joto, hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu hivi. Mwili hutengeneza kingamwili za kuzizuia protini hizo.

Kwa maoni yangu, somo la seli katika shule za Simiyu lianzie bandani. Mwanafunzi akielewa, atamweleza mzazi wake kabla kuku hawajaanza kusinzia.