Unene hauonekani kwenye skrini

Makala niliyosoma kuhusu ukokotoaji wa miundo kwa kompyuta imeeleza vizuri namna ya kugawa umbo katika elementi, yaani vipande vidogo vya hesabu, ila imepita haraka mahali ambapo wahandisi wengi huteleza: kuzipa elementi hizo sifa zake.

Katika programu kama Nastran, bamba huchorwa kama uso usio na unene. Unene huandikwa kando, kwenye kadi ya sifa, yaani mstari wa data wenye namba yake. Kadi hiyo hutaja namba ya malighafi, na kila elementi hubeba namba ya kadi. Mhandisi akikosea namba moja, bamba la milimita 20 huhesabiwa kuwa la milimita 10, na mchoro hubaki vilevile. Ugumu wake dhidi ya kupinda hushuka mara nane. Mara nane! Vipimo navyo ni mtego, kwani programu haijui milimita wala mita: anayetumia nyutoni na milimita huandika densiti ya chuma 7.85e-9, si 7850.

Kosa la modeli linaweza kugharimu sana: Agosti 1991, jukwaa la zege Sleipner A lilizama karibu na Stavanger, Norwei. Huko kosa halikuwa la namba za sifa bali la elementi zenye umbo baya: nguvu za kukata zilikadiriwa chini kwa takribani asilimia 47, kuta zikawa nyembamba mno.

Mwandishi wa makala aongeze basi hatua moja muhimu: kupaka elementi rangi kufuatana na unene, kisha kulinganisha uzito wa jumla na hesabu ya mkono, kabla ya kuanza ukokotoaji.